Kurusha roketi kutoka Mwezini kungekuwa nafuu? Dhana potofu na ukweli

Kila mhadhara wa safari za anga huishia na hoja ile ile: uvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya ule wa Dunia, basi tujenge viwanda huko turushe vyombo kwa bei ya kutupa. Nimeichoka.

Kurusha kutoka Mwezini ni rahisi, sikatai. Kuponyoka uvutano wake kunataka kasi ya kilomita 2.4 kwa sekunde; Dunia inataka 11.2. Mwaka 1969 Armstrong na Aldrin waliondoka Mwezini kwa chombo kisichofika tani 5, ilhali roketi iliyowatoa Duniani ilikuwa na takriban tani 2,900.

Ila nani kawaambia kuwa gharama ya roketi ni mafuta? Safari ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 60, na mafuta yake ni laki chache tu za dola. Pesa nyingine zote huishia kwenye injini, mitambo, majaribio, mishahara na faida. Sasa hamishia hayo Mwezini: hakuna hewa, hakuna fundi, hakuna hata anayetengeneza nati. Kaboni na nitrojeni ni adimu. Usiku hudumu wiki mbili, kwa baridi ya nyuzi 130 chini ya sifuri, na vumbi lake hukwaruza kila kiungo cha mashine. Kila kifaa cha kiwanda kitatoka Duniani, na kampuni ya Astrobotic iliwahi kutangaza bei ya dola milioni 1.2 kukifikisha huko. Kwa kilo moja! Na setilaiti yenyewe je? Inaundwa Duniani. Uipeleke Mwezini ili uirushe tena?

Ushauri wangu ni ule ule siku zote: kabla hujataja uvutano, andika tani utakazopeleka, kisha tani utakazozalisha. Hizi za pili zisipozizidi zile za kwanza mara nyingi, chana karatasi. Kwangu mimi ni oksijeni pekee inayokaribia kufaulu: ni zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo wa Mwezi, na ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa kile roketi inachounguza. Hata hiyo inahitaji mnunuzi aliyeko angani tayari, naye analinganisha na bei ya Duniani inayozidi kushuka.

Wengine husema: "Basi Mwezi uwe kituo cha njiani kwenda Mirihi." Toka mzingo wa chini wa Dunia, yaani njia ya kuizunguka Dunia kwa karibu, kushika njia ya Mirihi kunataka nyongeza ya kasi ya kama kilomita 3.6 kwa sekunde. Kutua Mwezini kunataka karibu 6, kwa kuwa hakuna hewa ya kukupunguzia mwendo. Kila breki ni mafuta. Kituo gani hicho cha njiani?

"Kuna maji, kwa hiyo mafuta ni bure." Maji yapo; chombo cha LCROSS cha shirika la NASA kiliyathibitisha mwaka 2009 katika kasoko ya Cabeus. Yapo kwenye giza la kudumu, baridi chini ya nyuzi 200 chini ya sifuri, yamechanganyika na udongo. Kuyachimba, kuyatenganisha kwa umeme yawe hidrojeni na oksijeni za kuendeshea roketi, na kuipoza hidrojeni hadi iwe kimiminika kunadai nishati nyingi, mahali ambapo jua halifiki.

Heli-3 nayo, ile aina adimu ya gesi ya heli inayosifiwa kuwa mafuta ya vinu vya nyuklia vya baadaye? Ni sehemu chache katika bilioni za udongo, na kinu cha kibiashara cha kuitumia hakipo.