Hoja mdomoni unayo, kwenye karatasi inapotelea wapi?

Wiki ya tatu ya semista huwa nafanya kitu kimoja na fasti yia wangu, nazima projekta alafu nawaambia kila mtu atoe karatasi aandike sentensi moja ya kile anachotaka kusema kwenye asaimenti yake. Moja tu. Ukumbini wako zaidi ya mia tatu, wengine wamekaa kwenye ngazi, nje upepo wa Dodoma na vumbi lake, na zile karatasi zikirudi nazipanga mafungu mawili mezani. Fungu kubwa ni mada. Fungu dogo, dogo kweli, ni hoja.

Nafundisha uandishi wa kitaaluma na balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno), lile somo ambalo kwenye ratiba linaitwa stadi za mawasiliano na wanafunzi wengi wanalichukulia kama la kupita tu ilimradi usipate sapu, ule mtihani wa marudio. Mimi naliona ndo somo zito kuliko yote ya mwaka wa kwanza, na nataka nieleze shida iko wapi, mana hata wahadhiri wenzangu wa masomo mengine wananiambia "dada, watoto wako Kiingereza hawajui, wapige grama". Kiingereza ni kigumu, nakubali, mtoto kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili alafu anaingia fomu wani kila kitu kimegeuka. Lakini nimesahihisha kazi nyingi mno zenye grama safi kabisa na ndani hamna kitu.

Kuna binti mmoja mwaka jana, kwao wanalima zabibu upande wa Hombolo. Aliandika (kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili) kwamba zabibu ni zao muhimu la biashara mkoani Dodoma. Kosa hata moja hamna. Ila nani atasimama kuipinga sentensi hiyo? Nikamfuata alipokaa nikamuuliza, mwanangu, nyumbani zinawalipa? Akasema hapana madam. Kwa nini? Hapo akafunguka, akasema tunavuna mara mbili kwa mwaka lakini watu wanang'ang'ania kuuza mbichi, zabibu ikishakatwa haikusubiri, mnunuzi naye analijua hilo kwahiyo anatulia tu mpaka mwenyewe ushushe bei, wangekuwa na pa kukamulia wakauza mchuzi wa zabibu mbona wangepumua. Yani kaongea dakika mbili bila kukwama, jirani zake wote wamegeuka wanamsikiliza. Nikamwambia andika hicho. Akaniangalia. "Hicho madam? Si ni maoni yangu tu?"

Hapo kwenye "maoni yangu tu" ndo penye kazi yangu yote. Huyu binti amekaa madarasani miaka kumi na tatu kabla ya kufika kwangu na karibu kila mtihani ulimwambia taja na ueleze, taja faida sita, taja hasara tano. Kutaja hakuhitaji msimamo. Unakusanya, unapanga, unapata maksi, na ukifika chuo unakusanya tena, safari hii kutoka kwenye madesa, zile noti za kupokezana.

Na vyuo vyenyewe vina mchango wake. Balagha ya akina Aristotle wa Ugiriki na baadaye Cicero wa Roma ilikuwa ni elimu ya kumshawishi mtu anayeweza kukukatalia, na kazi ya kwanza kabisa kati ya zile kazi tano walizofundisha Warumi ilikuwa ni kutafuta cha kusema, sio kukiremba. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1806 walipomkalisha John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi hiyo, kwenye kiti chao kipya cha uprofesa wa balagha, mihadhara ilikuwa bado na harufu ya wazee hao. Lakini kufika 1885 pale pale Harvard kuna kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza ya kuandika insha, nguvu nyingi zikaenda kwenye kusahihisha makosa ya lugha, na mfano huo ukasambaa sana. Ile nusu ya kutafuta cha kusema ikabaki nyuma. Kozi nyingi za uandishi ninazozijua, zikiwemo nilizosomeshwa mimi, zimebeba nusu ya kalamu nyekundu, na mimi kwenye chuo kimoja nilichosoma niliwahi kurudishiwa kazi ya kurasa kumi na mbili ina vema mwishoni na neno la kukosewa spelingi limezungushiwa duara, basi. Hakuna aliyeniuliza kama anakubaliana na mimi. Iliniuma na bado inaniuma.

Turudi kwenye zabibu. Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1958 alitoa mchoro wa jinsi hoja inavyojengwa, ambao mpaka leo naona hakuna unaofundishika kirahisi kama huo. Una dai, una ushahidi, na katikati kuna kitu ambacho mimi nakiita daraja, lile wazo linaloruhusu ushahidi ufike kwenye dai, na mara nyingi msemaji halisemi kwa sababu kwake liko wazi. Dai la binti: wakulima wauze mchuzi kuliko matunda mabichi. Ushahidi: zabibu mbichi inaharibika haraka na bei inaporomoka. Daraja? Kwamba kinachoshusha bei ni haraka ya kuuza, sio uchache wa wanunuzi. Sasa hapo mtu anaweza kumbana, akamwambia dada hata mchuzi ukiuhifadhi mwezi mzima kama wanunuzi ni wale wale wawili watatu bei itakuwa ile ile. Umeona? Insha imepata uhai, sasa anajua atafute takwimu za nini na amhoji nani. Kabla ya hapo angeenda maktaba kutafuta "zabibu".

Kwenye kunukuu wanafunzi wanadhani ni kujikinga na kesi ya wizi wa maandishi, mabano na mwaka vinabandikwa mwisho wa aya kama stempu. Mimi nawaambia nendeni mkasikilize Bunge, si tuko nalo hapa hapa mjini. Mbunge makini hasemi tu naunga mkono hoja akakaa, anasema mchangiaji aliyetangulia kasema hivi, namkubalia hapa, pale namkatalia kwa sababu hii. Huko ndo kunukuu. Na kabla ya Bunge kuhamia huku, Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, ndiye anayetajwa kuiendeleza ngonjera, ushairi ambao kazi yake yote ni watu wawili au zaidi kupishana hoja ubeti kwa ubeti, huyu anadai, yule anajibu kile kile kilichodaiwa. Huwezi kujibu ubeti ambao hukuusikiliza. Kwahiyo mtu akiniambia kujenga hoja ni mambo ya Wazungu simwelewi kabisa.

Utangulizi nao, wengi wanaanza na maana ya neno kutoka kwenye kamusi. John Swales, mtaalamu wa lugha ambaye miaka ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Khartoum kule Sudan, alizichambua tangulizi za makala za kisayansi, na kitabuni mwaka 1990 akazigawa hatua tatu akazieleza kwa lugha ya viumbe na makazi yao. Mimi naziweka kwa lugha ya shamba: onyesha shamba lote na nani kalima wapi, onyesha kipande ambacho hakijaguswa, alafu sema hicho nakilima mimi. Kipande cha katikati ndo wanakiruka. Wanatoka kwenye shamba la babu moja kwa moja mpaka kwenye jembe.

Kuhusu kupima maneno, yani kutodai zaidi ya ushahidi ulionao, sina mengi, mnayo "huenda" na "yaelekea", yatumieni, mahojiano na wakulima sita hayathibitishi kitu kuhusu mkoa mzima.

Yule binti alirudi baada ya siku nne, shikamoo madam, marahaba, akanipa aya moja. Kiingereza kina makosa matatu, nimeyahesabu, na sikuyagusa kwanza. Pembeni nikamwandikia: sikubaliani na wewe kuhusu wanunuzi, nishawishi. Akaisoma pale pale amesimama, akakaa chini bila kuambiwa, akatoa kalamu. Mwaka huu nimemwomba ile aya nianze nayo semina ya Alhamisi na hawa wapya, amekubali, sharti lake ni jina lisionekane na nisiwaambie aliishia kudai nini mpaka na wao wawe wameshambishia.