Kolo au Mtera: safari ya siku moja ukiwa Dodoma

Anayekuja Dodoma kwa mapumziko huambiwa upesi kwamba huku hakuna bahari, hivyo hakuna pa kwenda. Mimi humwelekeza Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ila namtajia na saa ya kuondoka, maana safari hii huharibikia hapo.

Kolo iko kilomita 180 hivi kaskazini, kwenye barabara kuu ya Babati na Arusha. Ni lami tupu, lakini vijijini mwendo ni 50, kwa hiyo hesabu mwendo wa saa tatu. Ukitoka Dodoma saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi uko Kolo. Ukitoka saa 3, utapanda mlima jua likiwa la utosi, na utarudi usiku ukipishana na malori na ng'ombe. Kwa basi, panda stendi ya Nanenane gari la Babati au Arusha, umwambie kondakta mapema kuwa unashukia Kolo. La Kondoa litaishia mjini, kilomita zaidi ya 20 kabla hujafika. Na kwa basi ni heri upange kulala Kondoa, kwa sababu mabasi ya kurudi hupita yamejaa.

Anzia kituo cha Mambo ya Kale, palepale Kolo. Lipa kiingilio, dai risiti, chukua mwongozaji. Kutoka hapo hadi chini ya mlima wa Mungomi wa Kolo ni kama kilomita 9 za vumbi na mchanga. Gari dogo la chini halifai. Kati ya Desemba na Aprili hata gari la juu hukwama kwenye korongo, basi uliza hali ya njia kabla hujaiacha lami. Kisha ni mguu, mwinuko mkali, nusu saa kwa mtu mwenye pumzi. Beba maji lita mbili kila mmoja, vaa viatu vinavyoshika na soksi ndefu. Manukato yaache nyumbani, nyuki wanapenda nyufa za miamba.

Juu, usikimbilie kupiga picha. Kaa dakika kumi kivulini jicho lizoee, ndipo mistari myekundu itokee: watu wembamba mno, vichwa vimechorwa mistari mistari kama nywele au mapambo, twiga, tembo, na pofu, yule swala mkubwa. Rangi hiyo ni udongo wenye madini ya chuma, ndiyo maana imedumu. Michoro myeupe, minene na ya haraka, ni ya baadaye, ya wakulima. Tafuta kundi la watu watano, wa katikati kama anavutwa huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyefanya kazi hapa mwaka 1951, aliona utekaji. Wengine wanaona simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo mchezaji hupandwa na mzuka na kuhitaji kushikiliwa. Mimi naegemea simbo, maana Wasandawe bado wako jirani, upande wa Chemba.

Nakusihi, usimwagie mwamba maji ili rangi iwake. Maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya jiwe. Yakikauka, chumvi hupanda juu, hufunika mchoro kwa utando mweupe na kuubandua. Uharibifu huo haurekebishiki. Piga picha mwamba ukiwa kivulini, bila taa, kisha uipitishe kwenye DStretch, programu iliyotengenezwa kwa michoro ya namna hii; wekundu uliofifia utajitokeza. Usiguse pia vitu vya tambiko, Warangi, wenyeji wa huku, bado wanapatumia. Mashimo utakayoyaona ni ya watu wanaosaka dhahabu inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani, na kila shimo limefuta historia iliyokuwa ardhini.

Anayetaka maji aende kusini, Mtera, kilomita 120 hivi kwa barabara ya Iringa kupitia Fufu na Chipogolo. Ni bwawa la umeme kwenye Ruaha Mkuu, na barabara inakatiza ukutani. Usitegemee ufukwe wa kudumu: uso wa maji huchezea kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwenye tambarare ile tofauti hiyo inahamisha ukingo mbali sana, ukiacha tope linalomeza miguu. Kuogelea hapana kabisa, kuna mamba, viboko na kichocho. Kabla ya kupiga picha ukuta au mitambo, omba ruhusa kwa mlinzi. Perege wabichi nunua mwisho, ukiwa na ndoo ya barafu uliyotoka nayo Dodoma. Joto la njiani huwaharibu kabla hujafika mjini. Kama huna barafu, chukua waliokaangwa.