Kuchanganya mafuta na hewa kwenye mkondo unaoipita sauti

Kabla taa za betri hazijazagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi Kigoma, kuwasha karabai ya kuvulia dagaa kulikuwa na utaratibu wake. Unamimina spiriti kwenye kikombe chini ya bomba, unaiwasha, unasubiri bomba lishike moto, ndipo unapiga pampu. Mafuta ya taa yanageuka mvuke, yanachomoka kwenye tundu jembamba huku yakiburuta hewa, vinachanganyika, na mwanga unatoka mweupe. Ukiharakisha, unaambulia ulimi wa njano na masizi.

Kuchanganya huko ndiko kunakowatoa jasho mainjinia wa skramujeti, injini ya vyombo vinavyoruka kwa zaidi ya mara 5 ya kasi ya sauti. Kwa mwendo huo, hewa ikibanwa hadi iende chini ya kasi ya sauti hupata joto kali mno na msukumo hupotea. Basi huachwa ipite chembani, mahali mafuta yanapochomwa, ikiwa bado inaipita sauti. Chukua chemba ya mita 1 na hewa inayokwenda zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Mafuta yaingie, yasambae, yakutane na hewa na yawake, yote hayo kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kwisha.

Kibaya zaidi, kasi yenyewe inakwamisha kazi. Nenda Ilagala, Malagarasi unakomwaga tope lake Ziwa Tanganyika, utazame mpaka wa zile rangi mbili: maji yanajiviringa, kila mviringo unameza kidogo huku na kidogo kule. Gesi nazo huchanganyika hivyo. Lakini mwaka 1988 watafiti Papamoschou na Roshko wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kuwa mikondo miwili ikipishana kwa kasi kubwa mno ukilinganisha na ya sauti, tabaka la mchanganyiko hunenepa polepole zaidi.

Ndiyo maana mafuta hurushwa kukingama upepo, au huwekwa vinundu vya kuusokota. Ila kila kizuizi huzua mawimbi ya mshtuko yanayokula msukumo. Mimi navutiwa na kishimo kinachochongwa ukutani: hewa huzunguka humo taratibu, moto ukajibanza.

Mei 2013 X-51A, chombo cha majaribio cha Marekani chenye skramujeti, kiliruka injini ikiwaka zaidi ya sekunde 200, kwa mafuta ya jamii moja na ya taa. Yalipashwa moto kwanza kwenye kuta za injini. Na kuiwasha walianza na gesi ya ethilini, kama sisi na spiriti.