Breki ya mbele haijakukosea

"Fundi, hiyo ya mbele nifungulie kabisa, isije ikanipindua." Nimeisikia tena jana asubuhi, kwa mwenye baiskeli ambaye raba zake za breki ya nyuma zimelika hadi chuma kinasugua rimu. Za mbele? Mpya, zina vumbi tu.

Haya, kwa mara ya mwisho, ingawa najua si ya mwisho. Ukifunga breki, uzito wako unakimbilia mbele, upende usipende. Gurudumu la mbele linagandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi. Tairi jepesi halishiki barabara: ukilibana linaserereka, linachora mstari mweusi kwenye lami, na wewe bado unakwenda. Kwenye lami kavu, anayetegemea breki ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya umbali wa anayejua kutumia ya mbele. Hiyo mara mbili ndipo lilipo lori.

"Lakini kuna mtu alipinduka." Sibishi, alipinduka. Muulize alibanaje. Alishtuka, akabana kwa vidole vyote, mikono imelegea kama kamba; baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari. Kaza mikono, sogeza makalio nyuma, bana kidogo kisha ongeza. Breki ya nyuma ishike kidogo tu, iwe kipimo chako: nyuma ikianza kuteleza, legeza ya mbele.

Kuna mahali nakubaliana na waoga. Kwenye mchanga, kwenye changarawe na katikati ya kona, gurudumu la mbele likiteleza huna muda hata wa kusema "mama". Hapo punguza mwendo mapema, kwa ya nyuma zaidi. Na lami ikilowa? Mimi mwenyewe sina kanuni. Natumia zote mbili, mapema, na roho mkononi, maana rimu ya chuma ikilowa raba hupangusa maji kwanza ndipo zishike.

Halafu kuna upande. Uingereza breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia, Marekani iko kushoto. Ukipanda baiskeli ya mtu, jaribu kabla hujatoka. Mimi niliwahi kuijaribu ya mteja bila kuangalia, nikabana niliyodhani ni ya nyuma. Kovu la kiwiko ninalo.

Kurekebisha kwenyewe si kazi kubwa. Raba ziguse rimu tu: zikipanda zitakata tairi, zikishuka zitaingia kwenye spoku. Ukibana kwa nguvu zote, mkono wa breki usigonge usukani. Waya uliochanika hata uzi mmoja, tupa. Raba zikigusa sehemu moja tu ya mzunguko, rimu imepinda, usiilaumu breki. Ikipiga kelele, elekeza ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa, kama milimita moja. Mara nyingine nafanya yote hayo na bado inalia. Nabadilisha aina ya raba, inanyamaza.

Kiti nacho kimeharibiwa na woga uleule: "kishushe, miguu ifike chini." Ukisimama unashuka kwenye kiti, unakanyaga chini, fremu ikiwa katikati ya miguu. Kiti ni cha kuendeshea! Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo. Nyonga zikiyumba, umekipandisha mno. Nguzo ya kiti ina alama ya mwisho, usiivuke. Wapenda hesabu huzidisha urefu wa mguu kutoka kwenye msamba kwa 0.883, wakapata kipimo cha kutoka katikati ya mhimili wa krenki, ule ulio ndani ya fremu unaozungukiwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Mimi naanzia hapo tu, kwa sababu soli nene peke yake inatosha kuvuruga hesabu. Na anayejifunza, au anayeshuka mteremko mkali, akikishusha kwa muda simcheki.

Yule wa jana nilikataa kumfungulia. Nilimwekea raba mpya za nyuma, nikampandisha kiti, nikamwambia azunguke uwanjani mara kumi akibana ya mbele kwa kidole kimoja. Alizunguka mara tatu, akarudi anacheka, akasema breki kumbe ni nzuri. Ila, fundi, hiki kiti hukishushi kidogo?