Je, wajua kwa nini azimio la kupeleka polisi wa Kenya Haiti lilitaja majitaka?

Oktoba 2, 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2699, lililoruhusu kikosi kikiongozwa na Kenya kwenda Haiti kupambana na magenge. Katikati ya habari za usalama na silaha, mna kipengele kinachokitaka kikosi kidhibiti majitaka yake kisije kikaleta magonjwa. Mbona polisi waendao kupambana na magenge waagizwe habari za vyoo?

Jibu liko Meille, kijiji kilicho karibu na mji wa Mirebalais. Mwaka 2010 palikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, nchi yenye kipindupindu. Kinyesi cha kambi kilivujia kijito cha jirani, ambacho maji yake huishia mto Artibonite, mkubwa kuliko yote nchini. Watu wa bonde lile waliyanywa maji hayo, wakaogea, wakafulia, wakamwagilia mpunga. Kufikia mwisho wa Oktoba hospitali zilikuwa zimefurika. Haiti, iliyokaa takriban karne nzima bila kipindupindu na ambayo ilikuwa bado haijapona tetemeko la Januari mwaka huohuo, ikazika watu karibu 10,000. Walioambukizwa walipita 800,000.

Yaliyofuata ndiyo yanayonikasirisha zaidi. Umoja wa Mataifa ulikana kwa miaka, ingawa wataalamu, akiwemo Mfaransa Renaud Piarroux, walishaonyesha chanzo. Wahanga walipodai fidia, madai yao yalikataliwa mwaka 2013. Walipokwenda mahakamani New York, wakaambiwa Umoja wa Mataifa una kinga ya kutoshtakiwa tangu mkataba wa 1946. Makubaliano na Haiti yaliahidi tume ya kusikiliza malalamiko ya raia, lakini tume hiyo haikuundwa kamwe. Aliyefiwa na mama yake angebisha mlango gani?



Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Ziliahidiwa dola milioni 400 za kutokomeza ugonjwa na kuwasaidia waathirika, ila zilitegemea hiari ya nchi wanachama, na nchi hizo zilichangia sehemu ndogo tu.