Vuli ya Ulaya si vuli ya Karatu: dhana potofu kuhusu majira ya majani kupukutika

Shule ya msingi tulikariri majira manne: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Mwalimu akatuambia Ulaya nao wanayo hayo hayo manne. Nikaingia Berlin mwezi wa kumi nikiwa na neno vuli kichwani, na neno hilo ndilo lililonipoteza kwanza. Leo nina miaka tisa hapa, na kila Septemba ikiisha napigiwa simu na mtu mgeni aliyeanza kuona giza, la nje na la moyoni. Karibu wote huanza na maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi. Nayaandika hapa, pamoja na niliyojifunza baadaye.

"Vuli ni vuli, popote ulipo"

Kwetu Karatu, kaskazini mwa Tanzania, vuli ni mvua. Oktoba watu wanatazama mawingu, Novemba udongo unalainika na maharage yanaingia ardhini. Ni majira ya kuanza. Ujerumani, miezi hiyo hiyo, nchi inamaliza. Ngano imeshakatwa tangu Julai na Agosti, viazi na tufaha vinaingizwa ghalani, mashamba yanabaki tupu. Neno ni moja, mambo mawili yanayopishana kabisa. Mwili wangu ulikuwa unangoja kuanza wakati kila kitu kilichonizunguka kilikuwa kinajifunga.

Halafu kuna saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, likizama ni saa kumi na mbili au saa moja jioni, mwaka mzima. Karatu, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Berlin siku ya Juni inakaribia saa 17 za mwanga, ya Desemba haifiki 8. Mwishoni mwa Septemba mchana unapungua kwa dakika kama nne kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Desemba linazama kabla ya saa kumi. Mswahili anayesema "saa kumi jioni" huku taa za barabarani zinawaka anasikia kinywa chake kikisema uongo. Usijishangae ukihisi umepoteza kipimo. Umekipoteza kweli, na inabidi utafute kingine.

"Ni baridi inayoleta huzuni"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi. Mtu ananunua koti zito, anaongeza joto la chumba, anajifungia ndani na chai yake ya tangawizi, kisha anashangaa kwa nini bado anaamka amechoka, anataka kulala tu na kula wanga, hataki kuona watu. Koti ni la lazima, lakini baridi siyo kiini. Kiini ni mwanga.

Daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg. Alipohamia Marekani akaona nguvu zake zinamwisha kila siku zinapofupika, na zinarudi siku zikirefuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kitabibu ya sonona inayokuja na majira. Huwa nawatajia hili wale wanaoambiwa kwenye vikundi vya sala kwamba wamelogwa, au imani yao imepungua. Mwafrika mwenzetu, msomi, daktari, alilihisi mwilini mwake mwenyewe, na jambo hilo lina jina na lina tiba.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana ndiyo iliyonibadilisha. Mwanga hupimwa kwa laksi. Ofisi yenye taa nzuri ina kama 500. Sebuleni jioni hata 100 ni bahati. Nje, saa sita mchana, mbingu imefunikwa na wingu zito la Novemba, bado unapata laksi elfu kadhaa. Jicho linadanganya kwa sababu linajirekebisha. Linakwambia kuna giza kote, nje na ndani sawa. Si sawa hata kidogo. Kwa hiyo yule anayesema "leo hakuna jua, natoka kufanya nini?" anajinyima kitu ambacho kipo pale nje ya mlango.

Mwaka wangu wa pili nilifanya kazi kwenye ghala lisilo na dirisha hata moja. Naingia gizani, natoka gizani. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nikilia bafuni bila kujua nalia nini. Mwenzangu mmoja, mama wa makamo, akanishika mkono saa ya mapumziko, akanitoa nje, tukazunguka jengo mara tatu bila kusema neno. Kesho yake tena. Ikawa desturi yetu hadi Machi. Sijapata dawa nyingine iliyonifaa namna ile.

Lakini naomba nieleweke: kutembea hakuchukui nafasi ya daktari. Wiki mbili zikipita huwezi kufanya kazi, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda kwa daktari wako wa kawaida ukamweleze wazi. Kuna taa maalumu za laksi 10,000 ambazo mtu huketi mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, kuna mazungumzo ya kitabibu, kuna dawa. Na taa hiyo haikupi vitamini D, kwa kuwa imechujwa mionzi inayoitengeneza. Hata jua lenyewe la Ujerumani, kuanzia Oktoba mpaka Machi, ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na ngozi yetu nyeusi inahitaji mwanga mwingi zaidi. Muulize daktari akupime damu.

"Majani yanakufa kwa baridi, upepo unayaangusha"

Nilidhani hivyo miaka mingi. Nikiutazama mti uliovuliwa nguo zake nilikuwa nauona kama mgonjwa.

Mti haungoji baridi uuvamie. Unapima urefu wa mchana, na siku zikifupika unaanza kazi mapema. Unaivunja umbijani, ile rangi ya kijani, na kuvuta virutubisho vyake kutoka kwenye jani kuvirudisha kwenye matawi na shina. Rangi ya manjano inayotokea haikuletwa na majira. Ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo mpya: mti unaitengeneza katika siku hizi za mwisho. Kisha pale kikonyo kinaposhikana na tawi mti unajenga ukuta mwembamba, unaziba mlango wake, na jani linaachia. Upepo hupeleka tu kile ambacho kimeshaachiliwa.

Ukitaka ushahidi tafuta tawi lililovunjika kiangazi likabaki linaning'inia. Januari utalikuta bado limeshikilia majani yake makavu, ya kahawia, huku matawi mazima yako matupu. Tawi lililokufa haliwezi kudondosha majani. Kuachia ni kazi ya kilicho hai.

Karibu na ninapokaa pana mti ambao Wajerumani wanauita Rosskastanie. Jumamosi asubuhi huwa napita pale kabla ya kwenda sokoni, na nimeushika sana huu mti. Jani lake likianguka linaacha kovu kwenye tawi lenye umbo la kiatu cha farasi kabisa, na ndani ya kovu kuna vitone vimepangwa kama matundu ya misumari. Juu kidogo ya kovu kuna chipukizi, limefungwa, la kahawia inayong'aa, linanata ukiligusa. Hilo ndilo jani la Aprili ijayo. Halikuanza leo, lilikuwa pale tangu kiangazi, nyuma ya kikonyo cha jani la zamani. Siku nilipoliona mara ya kwanza nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

"Kuna siku moja ya mizani"

Mtandaoni kila Septemba tarehe 22 au 23 wanakwambia usiku na mchana vimelingana, yai linasimama wima, roho inapata mizani. Mchana wa siku hiyo kwa kweli ni mrefu kuliko usiku kwa dakika kadhaa, kwa sababu hewa inaupinda mwanga na tunahesabu tangu ukingo wa jua unapochungulia. Kulingana kwenyewe kunakuja siku chache baadaye. Yai nalo linasimama siku yoyote ukiwa na subira. Ya muhimu ni yale matembezi ya kila siku.

"Mila za majira haya ni ushetani, na sisi hatuna za kwetu"

Watu wanaona vinyago vya Halloween wanafunga milango wakidhani ndiyo yote. Jumapili ya kwanza ya Oktoba makanisa mengi hapa yanajaza madhabahu maboga, masuke ya ngano, tufaha na mikate. Mtu aliyekulia kwenye sikukuu ya mavuno ya kanisa lolote la kijijini kwetu atajisikia yuko nyumbani. Tarehe 11 Novemba watoto wanatembea jioni na taa za karatasi wakimkumbuka Martin wa Tours, askari aliyekata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Na Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio Waprotestanti wanakwenda makaburini. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliiweka siku hiyo mwaka 1816. Mimi sina kaburi hapa. Huwasha mshumaa mmoja dirishani kwa ajili ya baba yangu aliyelala Karatu, na jirani yangu, bibi mzee, huniuliza habari zake kama alimfahamu.

Na nani kasema hatuna zetu? Makunduchi, Unguja, kila Julai wanaukaribisha mwaka wa jua kwa Mwaka Kogwa: kibanda kinachomwa moto, wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, wanawake wanaimba. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa wakihesabu mwaka huo kwa miongo, siku kumi kumi, wajue lini kupanda na lini kusafiri. Kuyapa majira heshima ni jambo la wazee wetu pia.

"Cha msituni ni cha asili, hakidhuru"

Hapa naandika kwa msisitizo. Kuokota uyoga msituni ni raha kubwa ya watu wa huku, nami naipenda. Lakini mwaka 2015 wakimbizi kadhaa walilazwa hospitali za Ujerumani, na angalau mmoja alifariki, baada ya kula uyoga uliofanana na ule wa kwao. Uyoga huo unaitwa Knollenblätterpilz. Kuupika hakuondoi sumu, konokono kuula si dalili ya usalama, na kijiko cha fedha hakikuambii kitu. Maumivu huanza saa nyingi baada ya mlo, na ini huenda limeshaanza kuharibika. Usile ambacho mtaalamu wa uyoga hajakiona kwa macho yake. Na zile mbegu kubwa za Rosskastanie zinazong'aa chini ya mti wangu zina sumu pia. Watoto huzikusanya kwa kuchezea. Mimi huweka moja mfukoni mwa koti, naipapasa nikiwa kwenye treni.

"Ndege wanakimbia baridi, wanakwenda kupotelea huko"

Zamani wasomi wa Ulaya walidhani baadhi ya ndege wanajificha kwenye matope hadi majira yapite. Mwaka 1822, huko Mecklenburg, akapatikana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, mrefu sentimita kama 80, na bado alikuwa amerudi akiruka. Yuko hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock. Na hawaondoki kwa sababu ya baridi hasa; manyoya yanawatosha. Chakula ndicho kinachowaishia.

Kijiji cha Rühstädt, Brandenburg, kina viota vya korongo juu ya mapaa. Nilikwenda Agosti iliyopita, wiki ambayo wengi walikuwa wanaondoka. Wanapita Bosphorus, mlango mwembamba wa bahari huko Uturuki, kwa sababu juu ya bahari pana hawapati hewa ya moto ya kuwainua, kisha wanafuata Naili hadi Sudan, na wengine wanaendelea kusini hadi Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Nilimtazama mmoja akipanda kwa kuzunguka, bila kupiga bawa, mpaka akawa nukta.

Mwanzoni mwa Desemba, saa kumi, giza linaingia, nikampigia mama. Akanisimulia bei ya mbegu, akanisimulia mvua. Kisha akasema, "Halafu wale ndege wako weupe wamekuja. Wako wengi bondeni, wanakula viwavi kwenye maharage."