Baraza la Pili katika Mabunge ya Majimbo ya India

Majimbo mengi ya India yana bunge la chombo kimoja, Vidhan Sabha, ambacho wabunge wake huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Sita tu kati ya majimbo 28 yana pia baraza la pili, Vidhan Parishad: Andhra Pradesh, Bihar, Karnataka, Maharashtra, Telangana na Uttar Pradesh.

Theluthi moja ya wajumbe huchaguliwa na serikali za mitaa, na theluthi nyingine na wabunge wa Vidhan Sabha. Wahitimu wa vyuo vikuu huchagua sehemu moja ya 12, na walimu wa kuanzia sekondari hivyo hivyo. Waliobaki huteuliwa na Gavana kwa ujuzi wao wa fasihi, sayansi, sanaa, ushirika au huduma za jamii. Wajumbe hukaa miaka 6, na kila miaka 2 theluthi yao huondoka, hivyo baraza halivunjwi uchaguzi unapofika.

Faida kubwa ni muda. Mswada wa kawaida waweza kuzuiwa miezi 3. Vidhan Sabha ikiupitisha tena, baraza hubakiwa na mwezi 1, kisha mswada unapita hata likiukataa. Miezi hiyo 4 yatosha kunasa kifungu kilichoandikwa vibaya, mradi wajumbe wausome kweli. Kwa mswada wa fedha ni siku 14 tu.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Chama kimoja kikitawala pande zote mbili, baraza hugonga muhuri tu, na gharama za posho na ofisi zinabaki palepale. Tena ni mlango wa nyuma: waziri asiye mbunge ana miezi 6 ya kupata kiti, na baraza humpatia bila kwenda kwa wapiga kura. Uddhav Thackeray, wakati huo waziri kiongozi wa Maharashtra, aliingia hivyo Mei 2020 bila kupingwa.

Vyama vikitofautiana, baraza lenyewe huwa hatarini. Januari 2020 baraza la Andhra Pradesh lilikwamisha miswada ya kugawa makao makuu ya jimbo sehemu tatu. Siku chache baadaye Vidhan Sabha ikapitisha azimio la kulifuta. Azimio hilo huhitaji theluthi mbili ya wanaopiga kura, kisha sheria ya Bunge la taifa, ambayo haikutungwa. Novemba 2021, chama tawala kikiwa kimeshapata wingi barazani, azimio likaondolewa.